Mistari Mitatu ya Makaa

Kailemia wa Ruiri hakuwa na shahada ya udaktari wa mifugo, lakini ukimwita kwa jina lake tupu bila kutanguliza "Daktari", ng'ombe wako angengoja kidogo. Alikuwa na cheti cha afya ya mifugo. Alikitia kwenye fremu ya kioo akakitundika sebuleni, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Picha yake ya harusi ilikuwa chini ya cheti, kidogo upande wa kushoto.

Tusimwonee, alikuwa na haki ya kujipiga kifua. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hata fahali mkali alidungwa akiwa bado anashangaa nani amemgusa. Kwa miaka kumi na mitatu ya kazi hiyo, ng'ombe waliomfia mkononi walihesabika kwa vidole, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake, marefu, ambayo hukuthubutu kuyakatiza.

Lakini kilichompa jina hasa ni makaa. Wengi wanaodunga mifugo humwachia mwenye ng'ombe chupa na kumwambia dawa iendelee siku tatu. Mwenye ng'ombe huitikia vizuri sana. Siku ya pili akimwona mnyama anacheua, dawa iliyobaki anaificha darini, imfae ng'ombe mwingine siku nyingine. Kailemia aliuchukia mchezo huo kuliko alivyochukia kupe. Kwa hiyo alirudi mwenyewe kila siku, na kila alipomaliza kudunga aliingia jikoni kwa watu bila aibu, akachukua kipande cha makaa, akaenda kuchora mstari mmoja kwenye nguzo ya lango. Siku ya kwanza mstari mmoja, ya pili wa pili, ya tatu wa tatu. Kabla ya mstari wa tatu hakupokea asante wala kikombe cha chai. Ruiri nzima ilijua kusoma nguzo hizo. Mtu alipita kwa jirani Muthamia, akaona mistari miwili, akaenda dukani kusema ng'ombe wa Muthamia bado siku moja apone.

Mtu wa namna hiyo alihitaji mke asiyetishika, na alimpata. Kagure alikuwa mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Kiritiri, huko Mbeere, aliyekuja kusomea ualimu Nchiru, huku Meru, na hakurudi. Wanawake wa Ruiri walimtania kwamba kwao ni mbuzi na mawe tu. Aliwajibu kwamba ndiyo, na kwao wanavuna hata kwenye hayo mawe, wao wenye udongo mweusi wamevuna nini cha ajabu. Nyumbani kwao mume na mke walizungumza Kiswahili cha kuchanganya, kwa sababu Kimeru cha Kagure kilimchekesha Kailemia, Kimbeere cha Kailemia kilimchekesha Kagure, na hakuna aliyekuwa tayari kuchekwa. Wote wawili walikuwa na kiburi. Nadhani ndicho kilichowafanya wapendane.

Walioana mwezi wa Desemba. Septemba iliyofuata Kagure alijifungua mtoto wa miezi saba aliyekuwa amekwisha kufa tumboni. Watu walisema yao: kwamba mke wa mbali ana mkosi, kwamba kuna mbuzi fulani wa mahari hakufika. Kagure hakumjibu yeyote. Alirudi darasani baada ya wiki tatu, akawafundisha watoto wa watu wengine kuhesabu, na jioni akifika nyumbani alikaa na kuangalia ukuta.

Basi alipopata mimba tena, alikwenda kliniki mapema, mwezi wa tatu, akatolewa damu kama kawaida. Muuguzi wa zahanati alikuwa Sista Amino, binti wa Isaack, mfanyabiashara wa mafahali wa Meru mjini. Alimwita Kagure chumbani, akafunga mlango, akamwambia bila kuzunguka kwamba damu yake ina kaswende. Alimweleza pia kwamba huenda ndiyo iliyomchukua yule wa kwanza. Kijidudu cha kaswende hupenya mpaka kwenye kondo la nyuma. Mwili wa mama hupigana nacho, mahali pale panavimba na kuwaka, na mtoto anakosa chakula na pumzi. Akiishi, anaweza kuzaliwa na ini lililovimba, mifupa inayouma, au macho yasiyoona. Lakini dawa ipo, sindano tatu, moja kila wiki, na mtoto anakingwa kabisa. Sharti ni moja: baba naye aje atibiwe.

Kagure alimkuta mumewe akichemsha mabomba ya sindano, akamwambia habari hiyo yote kwa sauti ya kuita majina darasani. Kailemia aliendelea kuangalia sufuria. Tusimfiche: alijua ilikotoka. Miezi michache kabla ya harusi alikuwa kwenye safari za kununua mafahali minadani, na huko alifanya aliyoyafanya. Baadaye alitokewa na kidonda kimoja kisichouma, akakipuuza, kikapona chenyewe. Baada ya harusi viganja na nyayo zake zikajaa madoa mekundu yasiyowasha. Alisema ni dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe. Madoa yalikuja, yakaenda, yakarudi, na kila mara josho likasingiziwa.

Aliomba msamaha, na aliuomba kweli. Kagure alimwambia msamaha ataufikiria mtoto akizaliwa, kwa sasa anataka miguu yake kliniki. Kailemia akasema atakwenda.

Alhamisi, siku ya kliniki, Kailemia alikuwa na kazi, au alijitafutia kazi, na Kagure alikwenda peke yake. Akadungwa sindano ya kwanza. Jioni ile akashikwa na homa, akatetemeka mpaka kitanda kikalia, kichwa na viungo vyote vikimuuma. Alikuwa ametahadharishwa. Sista Amino alimwambia kwamba vijidudu vikifa vingi kwa mara moja mwili hushtuka na kuwaka kwa siku moja, halafu unatulia. Akaze roho, anywe maji, akiona tumbo linakaza arudi mbio. Kagure alimweleza mumewe hayo yote huku meno yakigongana. Lakini Kailemia alikuwa ameona wanyama wakitetemeka baada ya sindano, na kwa elimu yake aliyoitundika ukutani, mnyama akitetemeka hivyo dawa ni mbovu.

"Hiyo dawa imeharibika," alisema. "Stima ilipotea hapo dispensary siku mbili, friji ikazima. Mimi siwezi kudungwa hiyo kitu."

Asubuhi Kagure aliamka mzima, akaenda kazini. Kailemia hakulitilia maanani. Jumapili mkewe alipokuwa kanisani, alifungua kabati lake la dawa lililo kando ya zizi, akatoa chupa ya penisilini ya ng'ombe. Penisilini ni penisilini, alijiambia, na nani Ruiri anaijua kuliko yeye? Alijipima uzito kwa macho, jinsi anavyowapima mafahali, na kama kawaida ya wanaume akajiongezea kilo kadhaa. Aliingia zizini, akajidunga pajani. Jumatatu akarudia. Jumanne aliitwa kwa Muthamia, ng'ombe alikuwa anashindwa kuzaa, na aliporudi mchana viganja vyake vilikuwa vinaanza kuwa safi. Aliviangalia juani, akavigeuza, akaridhika. Sindano ya tatu haikudungwa.

Kagure alipouliza, alimjibu kwamba amekwisha tibiwa. Kagure alidhani ni hospitali ya mjini Meru, kwa kuogopa macho ya watu, na hakumchimba zaidi. Nani angemshuku mtu yule, juu ya jambo la kumaliza dawa?

Yeye Kagure alimaliza zake tatu bila kukosa. Damu yake ikapimwa tena katikati ya mwaka. Kuna namba ambayo huonyesha jinsi ugonjwa unavyochachamaa damuni. Yake ilikuwa thelathini na mbili, ikawa imeshuka mpaka nne. Tumbo lilikua. Kailemia naye alikua, maana alianza kutembea kama aliyelibeba tumbo yeye. Aliwaambia watu sokoni kwamba akizaliwa msichana ataitwa Kaari, jina la mama yake marehemu, na akatenga mbuzi wa sherehe mapema, akawa anamlisha majani bora kuliko wenzake. Kuna siku alikunywa chai akahisi mdomo unachoma, akaona mabaka meupe ndani ya shavu. Akailaumu chai.

Mwezi wa Agosti, mimba ikiwa na miezi saba, umri ule ule wa msiba wa kwanza, Sista Amino aliomba damu tena. Wiki iliyofuata akamwita Kagure chumbani na kufunga mlango.

"Mama, namba ilikuwa nne," alisema. "Sasa ni sitini na nne. Umeambukizwa upya. Huyu mzee alitibiwa wapi?"

Kagure hakujua. Amino alimwelezea hesabu ya siku. Ili mtoto asidhurike, mama lazima awe amepata dawa siku zisizopungua thelathini kabla ya kujifungua. Nafasi bado ilikuwepo, lakini haikuwa na ziada ya kuchezea, na hakukuwa na maana ya kumtibu mama akarudi kwa mume yule yule aliye na ugonjwa ule ule. Kama ni kuanza, waanze pamoja, Alhamisi, na hiyo ilikuwa kesho.

Kagure alitembea mpaka nyumbani kwa mguu. Alimkuta Kailemia zizini, akamuuliza alitibiwa hospitali gani. Kailemia alianza kuzungumza habari za ng'ombe. Kagure akauliza tena, maneno yale yale, polepole. Kailemia akaonyesha kabati kwa kidevu.

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Kagure alifungua kabati, akaitoa ile chupa, akaisoma karatasi yake yote pamoja na picha ya ng'ombe, akairudisha mahali pake. Kisha akamgeukia.

"Ulichora mistari mingapi?"

Kailemia akaangalia upande wa lango. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amewagombeza wazee, wajane na mashemasi mbele ya malango yao. Alikuwa amemwambia Isaack mwenyewe, baba wa muuguzi, tajiri wa watu, kwamba mtu anayekatiza dawa afadhali asingeianza. Na alipougua yeye hakuchora hata mmoja. Alijua sababu. Angechora, angelazimika kumaliza.

"Hakuna," alisema.

"Kesho naenda kliniki," Kagure alisema. "Ukija, tutakuwa wawili. Usipokuja, naenda kuzaa kwetu Kiritiri, na huyu mtoto hutamlisha huyo mbuzi wako."

Akaingia ndani. Kailemia akalifunga kabati. Alipogeuka alimwona baba yake, mzee Thuranira, amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa ukuta wa zizi, redio yake imezimwa mapajani. Mzee huyu alikuwa na uziwi wa kuchagua. Ukimwomba atoe mbuzi malishoni hakusikia. Maneno ya faraghani hayakumpita hata moja.

Kailemia alitegemea matusi. Mzee alianza kucheka, ufizi wote nje. Akasema kwa Kimeru kwamba ugonjwa huo si mgeni katika boma hili. Baba yake, babu ya Kailemia, alirudi nao kutoka vitani, ile vita ya Wazungu ya pili, pamoja na koti na buti. Watoto wawili wakafa, mmoja tumboni na mwingine ana wiki. Zamani kabla ya hapo, mzee alisema, watu walipakwa zebaki mpaka wakachuruzika mate na kung'oka meno, na wengine waliuawa na dawa kabla ya ugonjwa kufika. Babu alikuta zimekuja sindano. Sindano mbili kwa wiki, ya mkononi ambayo ilikuwa ni sumu ya aseniki iliyopunguzwa makali, na ya takoni ya madini, bismathi, nzito kama udongo. Si kwa wiki tatu. Ilikuwa mwaka mzima na zaidi. Kila Alhamisi babu aliondoka Ruiri jogoo wa kwanza, akatembea mpaka Meru mjini, akadungwa, akarudi akichechemea. Ile bismathi ilimwachia mstari mweusi kwenye ufizi, pale jino linapoingilia. Thuranira mwenyewe aliuona alipokuwa mdogo. Babu alikuwa akivuta mdomo wa chini na kuwaonyesha wageni, kama mtu anavyoonyesha nishani.

"Hakukosa hata Alhamisi moja," mzee alisema. "Sindano ya mwisho ilipoisha, ndipo nilipozaliwa mimi. Na wewe unakimbia tatu?"

Akawasha redio. Kailemia alisimama pale mpaka taarifa ya habari ikaisha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuona haya kwa sababu ya ugonjwa. Aliona haya kwa sababu ya babu. Yule alikuwa na uso wa kuvuta mdomo na kuuonyesha mstari wake mbele ya wageni, na mjukuu wake akaenda kujificha zizini na chupa ya ng'ombe.

Alhamisi waliingia kliniki pamoja. Benchi lilijaa wanawake wajawazito, kumi na mmoja, na wote waliongea mpaka Kailemia alipokaa, kisha wakanyamaza. Nje palikuwa na Kobia, mwendesha bodaboda aliyeleta abiria, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki hata kama pikipiki yake ilikuwa nazo. Kobia alichungulia mlangoni akauliza kama Daktari amekuja kuwapima ng'ombe wa humu. Kailemia alitazama mbele.

Chumbani, kabla ya kuvua chochote, aliomba kuiona dawa. Sista Amino hakuudhika. Alimpa kichupa, naye Kailemia akakisoma tarehe yake, namba yake, na jinsi ya kukihifadhi, akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa kimepitwa na siku, na hakikuhitaji friji kwa vile kilikuwa unga mkavu. Zile siku mbili za stima kupotea hazikuwa zimeharibu kitu.

"Penisilini ni penisilini," Kailemia alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kurudishiwa kidogo.

"Ni ya ukoo mmoja, ndiyo," Amino alisema. "Ile yako, Daktari, siku mbili imeisha kwa damu. Na hiki kijidudu ni kivivu kuzaana, kinataka dawa ikae wiki na wiki bila kupoa. Hii inakaa. Madoa yalienda yenyewe tu, yangeenda hata ungejidunga maji. Ugonjwa ulikuwa unaingia ndani." Akamweleza ndani ni wapi. Mishipa mikubwa karibu na moyo, inavimba na kulegea baada ya miaka. Macho, yanawaka mpaka mtu apofuke. Ubongo. Aliyaeleza kama anavyoeleza mtu wa kazi kwa mwenzake, na hilo lilimfariji Kailemia kuliko angeambiwa asijali.

Dawa ile ni nzito na hudungwa polepole, nusu tako hili na nusu lile. Kailemia, aliyewaambia mafahali elfu watulie, alishika ukingo wa meza.

"Tulia, Daktari," Amino alisema.

Jioni ile homa ilimpata kama alivyoambiwa. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili, na kila kiungo kilimlaani kivyake. Kagure naye alidungwa, lakini homa yake ilikuwa ndogo. Alikaa kando ya kitanda, mkono tumboni, akihesabu mateke ya mtoto. Alipofika kumi aliuchukua mkono wa mumewe akauweka pale, ahisi la kumi na moja. Hakusema kitu kuhusu msamaha, na Kailemia hakuuliza.

Asubuhi aliamka amenyauka lakini mzima. Aliingia jikoni kwake mwenyewe, akachagua kipande cha makaa kizuri, akaenda langoni. Alisimama mbele ya nguzo. Akachora mstari mmoja, mrefu, mweusi, mahali pa kuonekana kutoka barabarani.

Kobia akawa anapita. Hilo nalo lilikuwa lazima litokee.

"Daktari, nani mgonjwa? Ni ile friesian ama ni ndama?"

Kailemia aliangalia barabara. Palikuwa na wanawake wawili wenye mitungi, na Muthamia mwenyewe na mbwa wake. Angesema ni ndama, na huo ungekuwa ndio mwisho wa maneno.

"Ni mimi," alisema. "Mimi na mama. Ni kaswende. Jana ilikuwa ya kwanza, bado mbili, moja kila wiki."

Kobia alicheka mpaka akazima pikipiki. Saa sita mchana habari ilikuwa imefika sokoni, imeongezwa chumvi, imefika stendi na imerudi. Wiki ile hakuna aliyemwita Kailemia. Ng'ombe wawili walidungwa na kijana wa kutoka Kiirua, kijiji cha jirani, ambaye hakujua hata kushika pembe. Kanisani benchi lao lilikuwa na nafasi ya kutosha. Kailemia aliumia, tusidanganyane. Alikuwa mtu aliyezoea kuitwa kutoka mbali. Lakini nguzo ilikuwa imeshasema, na mtu aliyeifundisha Ruiri kusoma nguzo hangeweza sasa kuifuta yake. Ijumaa ya pili alichora mstari wa pili. Kagure alitoka na kikombe cha chai. Kailemia akakikataa, na Kagure akacheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti ianze, akainywa chai yeye mwenyewe pale pale langoni, mbele ya wapita njia.

Wiki ya tatu Muthamia alikuja. Ng'ombe wake alikuwa na kiwele kigumu, na yule kijana alikuwa amemdunga siku moja akapotea. Alisimama langoni, akaitazama mistari miwili, akakohoa. Akasema kwa maoni yake mtu anayejichorea mwenyewe mbele ya barabara hawezi kumdanganya kwa ng'ombe. Kailemia akamwambia angoje kidogo, leo ni siku ya kliniki, akitoka huko atafika. Muthamia akangoja.

Mstari wa tatu ulichorwa asubuhi yenye mvua nyepesi. Chai aliyopewa siku hiyo Kailemia aliinywa yote, na akaomba nyingine.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Oktoba, kwa wakati wake, msichana wa kilo tatu na robo, akalia kabla hata hajashikwa vizuri. Alikaguliwa ngozi, macho, tumbo na mifupa, akaonekana hana kasoro. Damu yake ilipopimwa namba ilikuwa ndogo kuliko ya mama yake, ambayo nayo ilikuwa imeteremka. Sista Amino alisema ni mzima, ila atampa sindano moja tu ndogo ya tahadhari, na ataendelea kumpima mpaka namba iishe kabisa. Kailemia alimshikilia binti yake wakati akidungwa. Mkono wake, ule mwepesi, ulimshika mguu asiurushe. Mtoto alilia kidogo akanyamaza, na Kailemia akamwambia kila mtu wodini, hata asiyeuliza, kwamba huyu ni Kaari, na kwamba mmeona wenyewe jinsi alivyojikaza.

Walipofika nyumbani mzee Thuranira alimtazama mtoto kwa muda, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole, akasema ufizi ni safi. Kagure alisimama langoni na mtoto mgongoni, akamwambia Kailemia sasa ule msamaha ameufikiria. Kailemia akainama, akachukua makaa, akachora chini ya mistari yake mitatu mstari wa nne, mfupi, wa kidole kimoja, wa sindano ya Kaari. Mvua zikija na kuifuta yote minne, yeye huichora upya. Wageni wakiuliza, huwaeleza tangu mwanzo, na babu pia humtia ndani, na hakuna anayethubutu kumkatiza.

Mbuzi alichinjwa. Kiirua walisikia harufu.

Na kuna jambo moja ambalo Sista Amino hulisema akitabasamu, ingawa hataji jina la mtu: kwamba tangu mwaka ule wanaume huja kliniki ya Ruiri na wake zao, hukaa kwenye benchi, huomba kuisoma tarehe ya dawa. Ukipita barabara ile siku hizi utaiona mistari ya makaa kwenye nguzo za malango, na mingi ni ya ng'ombe. Juma lililopita ilikuwepo mitatu, imenyooka, kwenye lango la Kobia. Kobia hafugi hata kuku.